Rangi Huanzia Mgongoni

Kosele, mwezi wa tatu

Mama,

Safari hii hakuna wa kunikatizia. Unakumbuka barua zangu za chuoni? Naandika kurasa nne, mbele na nyuma. Baba anaketi mlangoni penye mwanga, anazipitia kimya huku midomo ikicheza, kisha anakunja karatasi na kukuambia, "Anasema hajambo." Basi. Kurasa nne! Nawe uliridhika, ukarudi jikoni kwako. Leo Baba ameenda soko la Oyugis, nami nimeketi hapa nje, upande wa kushoto wa nyumba, pale tulipokulaza. Nikimaliza nitakusomea kila neno mwenyewe.

Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha tuliyokuwa nayo, mimi na wewe. Kijaluo chako kilikuwa cha kununulia chumvi na kujibu salamu, na Kikuria hukunifundisha. Nilipokuwa mdogo sikujua kwamba watoto wengine wana lugha ya nyumbani na ya barabarani. Sisi tulikuwa na ya barabarani tu, na tuliipika na kuipakua humo humo ndani.

Habari za hapa ni hizi. Nyasi za paa zimebadilishwa. Baba amejifunza kusonga ugali, ingawa ugali wake unaweza kusimamisha nguzo. Yule ng'ombe wako mwenye paji jeupe amezaa, ndama dume, mwekundu mtupu, na Baba amesikitika maana alitaka jike. Uhuru umetimiza miaka minne na barabara ya kwenda Homa Bay ina mashimo yaleyale, tena yameongezeka. Mimi bado nafundisha elimu ya viumbe katika ile shule ya wasichana kule ziwani. Na miezi kumi imepita tangu homa ile ya mvua ikuchukue kwa siku tatu, kabla sijapata hata lori la kunileta.

Mama, nataka tuzungumze habari ya nywele zangu.

Hatukuwahi. Watu wote wa Kosele walizizungumza isipokuwa wewe na mimi. Shungi jeupe, upana wa vidole viwili, hapa juu ya paji la uso, na chini yake baka la ngozi nyeupe linaloishia karibu na nyusi. Nilizaliwa nalo. Mamake Baba naye alikuwa na nywele nyeupe mahali hapohapo, na alikufa miezi miwili kabla sijazaliwa. Nani angehitaji ushahidi zaidi? Mtoto alipoanza kulia, wanawake walikusanyika kufanya kama wanavyofanya Wajaluo, kuyataja majina ya wafu mmoja mmoja mpaka mtoto anyamaze kwa jina la yule aliyerudi. Wanasema hawakusumbuka. Walianza na Awino, jina la Nyanya, nami nikanyamaza. Pengine nilikuwa nimechoka tu kulia. Lakini ndivyo nilivyopata jina, na tangu siku hiyo Baba akawa ananiita "Mama" kwa utani, na wazee wakawa wananisalimu kwa mkono kama mtu mzima. Nilipenda. Mtoto gani asingependa?

Wewe tu ndiye hukutania. Wewe uliamini, tena uliamini kwa hofu ya mgeni, maana kwenu Kehancha, kule mpakani, hukulelewa na desturi hii. Na ulikuwa na sababu ambayo niliambiwa na watu wengine, nikiwa mkubwa. Kwamba wewe na Nyanya hamkupikika chungu kimoja. Kwamba alikuwa akikuita yule wa mpakani na kukuhesabia vijiti vya kuni. Kwamba asubuhi ya siku aliyokufa aliomba uji, nawe ulikuwa mjamzito, umechoka, umekasirika kwa neno alilokuambia jana yake, ukasema moyoni, na asubiri kidogo. Ulipoupeleka alikuwa ameshakwenda. Uji ukapoa pale chini, ukafanya ngozi.

Kisha nikazaliwa mimi, na shungi.

Kwa hiyo sikulelewa, Mama. Nilihudumiwa. Kila asubuhi uliniletea uji kwanza, kabla ya Baba, kwa mikono miwili, umepiga goti kidogo. "Kunywa, Mama. Kunywa ukiwa moto." Nilikuwa na miaka minne! Nilivunja chungu chako cha maji, ukakusanya vigae bila neno. Nilimwaga maziwa ya jioni yote, ukanipisha nipite. Achieng' wa jirani alipigwa kwa kumwaga kibaba cha mtama, akalia mpaka kamasi, na mamake akamwita kila jina baya analolijua, kisha akamvuta mapajani akamfuta uso kwa upindo wa nguo. Nilisimama kwenye ua wa mikatani nikiwatazama. Sijui kama umewahi kumwonea mtu wivu kwa kupigwa. Mimi nilimwonea.

Siku moja nilifanya makusudi. Nilichukua kuku wako wa kutaga, nikamfunga mguu na kumtumbukiza kisimani mpaka akakaribia kufa. Nilikuwa natafuta kofi moja tu. Ulikuja, ukamtoa, ukamkausha kwa majivu ya moto, ukanitazama. Kisha ukasema kwa heshima, "Nisamehe, Mama, kama nimekukosea." Nilikimbilia kwenye mihogo nikalia peke yangu mpaka jua likageuka. Hilo sikulisahau.

Kitu kimoja tu kilikuwa tofauti. Uliponiogesha, mgongoni kwangu, ulikuwa ukinong'ona Kikuria. Ulianza tu nikikupa mgongo na maji yakianza kutiririka, na uliacha nikigeuka. Nilidhani unasali ujikinge nami. Mara nyingine nilidhani ndipo unaponitukana, ukijipumzisha. Niliukariri mlio wake bila kujua maana.

Sasa nikueleze nilichojifunza, ambacho nilikuwa nacho mdomoni mwaka jana sikukitoa.

Chuoni Kampala, mwalimu wetu alituletea kifaranga ndani ya kikapu. Kifaranga cheupe pepepe, ila bawa moja jeusi kama limepakwa masizi. Tulicheka. Akatuambia halikupakwa kitu. Kifaranga huyo alipokuwa bado ndani ya yai, siku za mwanzo kabisa, wataalamu walichukua kipande kidogo mno kutoka mgongoni mwa kifaranga cha kuku weusi, naye bado yumo yaini mwake, wakakipachika kwa huyu mweupe. Kile kipande kikaingia bawani kikapaka rangi, manyoya ya huyu kwa wino wa yule.

Maana rangi, Mama, haioti kwenye ngozi pale tunapoiona. Inakuja. Mwanzo kabisa, kabla kiumbe hajapata uso wala vidole, kuna mstari mmoja mgongoni, na kando ya mstari huo huzaliwa chembe hai zisizo na rangi yoyote. Zinashuka kutoka hapo na kuanza safari, zikipenya katikati ya chembe nyingine gizani, kulia na kushoto, kwenda chini tumboni na mbele usoni. Haziendi ovyo. Zile zinazokaa njiani huziambia: piteni hapa, hapa msipite, ongezekeni mko wachache, ninyi mtakuwa mishipa ya fahamu, ninyi mtakuwa rangi. Nazo husikia na kutii. Wanasema ni kwa vitu laini laini ambavyo chembe hutoa na jirani yake hupokea. Maneno yenyewe bado hakuna aliyeyasoma yote. Tunajua tu kwamba yanasemwa, kama mtu anayesikia watu wakizungumza nyumba ya pili.

Na zikiwa zimetoka chache, au zikiwa hazikusikia vizuri, huishia njiani. Mwisho wa safari hubaki mtupu. Mwisho wa safari ni wapi? Ni kule mbali kabisa na mgongo. Tumbo. Miguu. Katikati ya paji la uso.

Niliposikia hivyo nilikaa darasani nikiwa nimeshika shungi langu, na wenzangu wote wamegeuka wananitazama.

Huko shuleni kwangu tuna hadubini moja, na kuku wa mpishi wasio na hesabu. Mwaka jana nilitoboa yai la siku tatu, kidirisha kidogo tu, nikawaitia wasichana wa darasa la mwisho. Tuliona moyo ukipiga, tone jekundu linalocheza. Tuliona ule mstari wa mgongo. Zile chembe zenyewe hadubini yetu haiwezi kuzionyesha, lakini wasichana walipotoka nilibaki peke yangu, nikafumba macho, nikaziona. Zilikuwa zinateremka polepole mno, nyingi, hazina uso, kila moja ikigusa jirani yake na kusubiri kuambiwa. Ziwa lilikuwa likipumua nje ya dirisha. Nikajiona na mimi nimo humo, mdogo kuliko punje ya ulezi, ndani yako, na wewe uko kwenye shamba la Kosele umeinama na jembe, hujui kwamba kuna safari inaendelea tumboni mwako na kwamba inakaribia kufika lakini haitafika. Kwa upana wa vidole viwili. Nilikaa hivyo mpaka kengele ya chakula.

Halafu nikakumbuka kitu kilichonifanya nicheke kwa sauti. Wewe ulikuwa unajua! Ulichunga ng'ombe wa babako tangu ukiwa msichana, na ulikuwa ukiniambia zizini, siku zile chache ulizojisahau ukazungumza nami kama mtu na mwanawe: "Angalia ndama. Weupe inapenda tumbo na uso. Mgongo ndiyo ya mwisho kukosa rangi." Ulijua kwa ng'ombe, Mama. Hukuwahi kumpigia magoti ndama mwenye paji jeupe. Kwa nini mimi?

Nilipokuja likizo ya mwezi wa nne, mwaka jana, nilikuwa nimekuja kwa ajili hiyo. Kwa barua nisingeweza, Baba angesema "anasema hajambo" na chembe zote zingeishia mlangoni. Nilimuuliza Baba kwanza. Alinyanyua shati bila aibu. Baka jeupe, chini ya kitovu, kubwa kama jani la mbaazi. "Aa, hii? Nilizaliwa nayo. Mama alisema hapo ndipo Mungu alichoka." Na Nyanya je? "Nywele yake? Ilikuwa nyeupe tangu akiwa msichana. Watu walifikiria ni uzee kwa sababu walimjua akiwa mzee." Kumbe hakuna aliyemuuliza. Mtu mzima ameishi maisha yake yote hapa na hakuna aliyemuuliza. Basi mambo yalikuwa wazi: kuna ujumbe mdogo wenye kasoro, ulitoka kwa Nyanya ukapita kwa Baba ukanifikia mimi, na kazi yake yote ni kuzipunguzia zile chembe mwendo. Hauhusiani na uji.

Nilikaa nawe siku tisa. Kila asubuhi uliniletea kikombe kwa mikono miwili, nami mwanamke mzima, mwalimu, mke wa mtu. Kila asubuhi nilisema moyoni, leo. Nilikuwa na sentensi moja tu: Mimi si mama mkwe wako. Nilikunywa nikanyamaza. Siku ya kuondoka ulinisindikiza mpaka barabarani, ukasimama na mfuko wangu kichwani mpaka basi likaja, na nikanyamaza.

Nikuambie kwa nini, maana sitaona aibu mbele ya kaburi. Niliogopa. Kama ningekuondolea Nyanya kwenye paji langu, ungebaki na nini cha kunipa? Heshima yako ndiyo iliyokuwa chakula changu kwa miaka ishirini na mitano. Nilifikiri nyuma yake hakuna kitu. Nilifikiri utaniangalia, utaona mtu mgeni aliyezaliwa nyumbani kwako, na utaweka kikombe chini. Kwa hiyo nilikuacha na mzigo ambao ningeweza kukutua kwa sentensi moja. Ulikufa ukiamini unadaiwa uji. Nisamehe.

Nimeenda kuvuta maji kidogo. Sasa nimerudi.

Mwezi wa kumi na mbili nilikwenda kwenu. Nilipanda gari mpaka Migori, kutoka hapo mpaka Kehancha, na vitu vyako nimevifunga kwenye kitenge: kibuyu cha maziwa, shanga, ile shuka nyekundu. Mama mdogo Robi alinipokea. Dada yako anafanana nawe mpaka nilishindwa kumsalimu. Ana kelele ambayo wewe hukuwa nayo, au labda ulikuwa nayo ukaiacha mpakani. Aliniambia nimekonda, akaniambia nimechelewa, akaniambia viatu vyangu ni vya kijinga kwa njia ile, yote kabla sijaketi. Nilitaka kumbusu miguu.

Siku ya tatu tulikuwa tukipukuchua mahindi. Nikamuuliza, nikijifanya si kitu, kama anajua sala fulani ya Kikuria, ya kujikinga na mzimu. Nikamnong'onea ule mlio wako wa kuogesha, jinsi nilivyoukumbuka, vipande vipande. Sijui nilitamka nini. Robi aliacha kupukuchua, gunzi mkononi.

"Rudia."

Nikarudia. Akaanza kucheka, kisha akafunika uso kwa mikono yenye vumbi la mahindi.

"Hiyo si sala, wewe mtoto. Hiyo ni maneno ya mama kwa mtoto mchafu. Anasema: wewe katundu, wewe umemwaga maziwa yangu, wewe kichwa ngumu kama ndama, ningekufinya, ningekufinya. Halafu anasema, kaa hapa mgongo wangu, wewe wangu, mimi nilikuzaa, hakuna mtu mwingine alikuzaa." Akafuta macho. "Dada Gati aliniambia. Alisema, yule mama mkwe hakujua Kikuria hata neno moja. Alisema, nikitaka mtoto wangu namwita kwa Kikuria, yule mzee anabaki nje."

Mama.

Mahindi yalimwagika yote, kuku wakaja.

Kumbe ulinikaripia. Kumbe kila chungu nilichovunja ulikisema, na yule kuku wa kisimani pia, bila shaka alisemwa kwa wiki nzima, mgongoni kwangu, na maji. Ulimpa Nyanya mikono miwili na goti, na mimi ukanipa kile kingine, na sikujua kwamba nimekipokea. Nilikuwa na mama muda wote. Nililia barabarani kutoka Kehancha mpaka hapa, na kondakta akadhani nimeibiwa.

Nimeanza kujifunza Kikuria. Robi ananicheka kila nikimtembelea, anasema natamka kama mtu mwenye ugali wa moto mdomoni. Naendelea.

Na sasa habari ya mwisho, ambayo Baba hajaambiwa. Nina mimba ya miezi mitano. Ile safari imeshapita, imekwisha kitambo, kwa namna ninavyohesabu. Kama ujumbe wa Nyanya umepita kwangu au haukupita, hakuna wa kujua mpaka tumwone. Ni kama kurusha sarafu. Mume wangu anauliza kama nina hofu. Ya baka sina.

Ila nimekuota mara tatu. Unajua hapa wanasema nini: mfu akimjia mjamzito ndotoni, anaomba jina. Mimi ni mwalimu wa viumbe, najua shungi langu lilitoka wapi, na wasichana wangu wote wanajua kuchora ule mstari wa mgongo. Hata hivyo nimekuota mara tatu, husemi kitu, umesimama barabarani na mfuko wangu kichwani, unasubiri niseme mimi. Nikiamka najikuta nimelala upande mmoja, nimemzungushia mkono huyu wa tumboni.

Jua limeanza kushuka na Baba atarudi na maswali yake. Kwaheri, Mama. Lala, hudaiwi chochote, si na yule wala na mimi.

Na ahadi yangu ni hii. Kama ndiyo wewe unataka kuja, njoo. Nitakuita Gati, mbele ya wanawake wote, hata ukiendelea kulia. Lakini usitegemee nikupigie goti. Ukimwaga maziwa nitakukaripia kwa Kikuria changu kibovu, kwa sauti kubwa, ukinitazama usoni, mpaka Kosele nzima isikie kuwa ni mwanangu.

Mtoto wako,
Awino